Mlango wa Bi Kijakazi

Nyumba ya Bi Kijakazi pale Kiranjeranje ilikuwa na mlango mzuri kuliko nyumba yenyewe. Nyumba ilikuwa ya udongo na fito, imepakwa chokaa upande wa mbele tu, paa lake nusu bati na nusu makuti. Lakini mlango ulikuwa wa mninga, mzito, wenye pete ya shaba, ulioletwa na babu yake kutoka Kivinje zamani sana. Watoto wa kijiji walikua wakiujua mlango ule kama kitu cha kuegemea. Hakuna aliyekumbuka kuuona umefungwa mchana.

Sababu ilikuwa chuo. Mama yake, Bi Somoe, alifundisha Kurani ukumbini mwa nyumba ile tangu Kijakazi hajaota meno, na Bi Somoe alipofariki, Kijakazi akaurithi mkeka na bakora. Watoto waliingia na mbao zao asubuhi kabla ya shule ya serikali, wakaingia tena alasiri, na katikati ya hapo walipita majirani wenye kuomba moto, wenye kurudisha chungu na wenye kuleta habari. Kila mtoto akiingia aliushika mkono wa mwalimu, akaubusu na kusema shikamoo. Akitoka, hivyo hivyo. Mumewe Abilahi, ambaye alikuwa akichonga mbao za kuandikia za watoto wale, alipenda kusema kwamba mkono wa kulia wa mkewe si mali yake, ni mali ya kijiji, yeye ameachiwa wa kushoto.

Katika nchi ile mlango uliofungwa mchana una maana yake. Wenyewe wakiwa shamba, kufuli huning'inia nje na kila mpita njia anaelewa. Lakini mlango uliofungwa kwa ndani, na watu wamo, hiyo ni habari nyingine. Ama kuna mwari anafundwa, ama kuna mjane amekaa eda.

Ilipokuja ruksa, serikali ikaachia kila mtu afanye biashara yake, mambo mengi yalibadilika. Duka la ushirika, ambalo watu walikuwa wakilipangia foleni kwa kipande cha sabuni, likafa, na yakaota maduka ya watu binafsi yenye nondo madirishani. Msimu wa ufuta walikuja wanunuzi wageni na mizani zao, wakalala kijijini, wakaondoka, na nyuma yao watu wakaanza kununua makufuli. Kwanza yalifungwa maghala, kisha mabanda ya kuku, kisha nyumba. Bi Kijakazi hakuwalaumu wenzake, maana vitu vyenyewe sasa vilikuwepo vya kuibwa. Lakini alimwambia Abilahi kwamba maadamu Mwenyezi Mungu amempa pumzi, mlango wa Bi Somoe hautafungwa mchana.

Maneno hayo aliyasema akiwa mzima. Baadaye ikamjia sukari. Alikaa nayo miaka mingi, akinywa chai kavu na kujidunga dawa pajani, na macho yake yakafifia taratibu mpaka watoto akawa anawajua kwa sauti. Hilo halikumharibia kazi, kwa kuwa Kurani aliisikiliza kwa masikio na mtoto akikosea herufi alimshika hata kama yumo katikati ya wenzake ishirini. Kilichomwangusha ni figo. Miguu ilivimba, chakula kikawa hakipiti, kila kitu kikanukia shaba mdomoni. Zahanati iliwapeleka hospitali ya misheni, misheni ikawapeleka Dar es Salaam, kwa mwana wao Mfaume.

Mfaume alikuwa karani wa serikali, na bima ya kazi yake iliwafunika wazazi. Kwa hiyo wasiwasi wa gharama uliondoka mapema, akashukuriwa Mungu, ukabaki wasiwasi mwenyewe.

Daktari Benedicto, kijana mrefu aliyekuwa na desturi ya kuvuta kiti na kukaa chini usawa wa mgonjwa, aliwaeleza polepole. Alisema figo hazitarudi. Kuna njia mbili za kuzifanyia kazi yake. Ya kwanza ni mashine: mgonjwa anakuja hospitali mara tatu kwa wiki, damu inatolewa, inapitishwa kwenye mashine na kurudishwa. Ya pili ni maji: mpira mwembamba unawekwa tumboni, maji ya dawa yanaingizwa, yanakaa humo saa kadhaa yakivuta uchafu kutoka kwenye damu, kisha yanatolewa na mengine yanaingia. Mara nne kwa siku, na mgonjwa hufanya mwenyewe nyumbani kwake.

Akasema pia yaliyo mabaya. Sukari ilikuwa imekwisha kuidhoofisha mishipa ya mkono wa Bi Kijakazi, na mashine inataka mshipa mzuri. Tena wagonjwa wengi wa sukari hushuka presha kwenye mashine, wakatoka wamelegea. Kwa upande wa pili, maji yale ya tumboni yana sukari ndani yake, ndiyo inayovuta, kwa hiyo sindano zake ingebidi zipangwe upya.

Hapo Bi Kijakazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani. "Daktari, miaka yote mnaninyima sukari kwenye chai. Leo mnataka kunitilia tumboni kwa mpira?"

Daktari naye alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema hatari kubwa ya maji si sukari. Hatari ni mkono mchafu. Mpira ule ni njia iliyo wazi kuingia tumboni, na vijidudu vikipita hapo tumbo huoza, na mwenye sukari hana nguvu ya kupigana navyo. Bi Kijakazi akamuuliza njia ipi ni bora. Daktari alisogeza kiti chake karibu.

"Mama, nikikuambia ipo moja inayoshinda nyingine kwa kila mwenye sukari, nitakuwa nimekudanganya. Wanaojua zaidi yangu bado wanabishana. Tunamtazama mtu na maisha yake."

Mfaume hakuhitaji kutazama. Alikuwa amekwisha kumtengea mama chumba, amekiwekea marumaru na choo cha ndani. Aliwaambia wazazi wake kwamba Kiranjeranje ni mbali, kwamba daraja la Rufiji limejengwa kweli lakini masika barabara bado ni tope na magari yanalala njiani, na kwamba tumbo likiharibika msimu huo maiti ndiyo itakayofika Dar. Alisema hayo huku akitazama sakafu. Na yalikuwa kweli.

Basi walianza na mashine. Waliweka mpira shingoni, na Bi Kijakazi akawa anapelekwa hospitali asubuhi na kurudishwa mchana. Siku za mashine alirudi ameishiwa nguvu kama aliyetwanga kinu peke yake kwa harusi nzima, akasali adhuhuri ameketi, akalala. Siku zilizo katikati alikaa chumbani mwenye marumaru, akasikiliza.

Hapakuwa na cha kusikiliza. Nyumba ya Mfaume ilikuwa na geti la chuma, na geti lilifungwa mchana na usiku. Mgeni alibonyeza kengele. Hakuna aliyesema hodi. Mkwewe alikuwa mwema na wajukuu walikuwa wema, lakini walikwenda shule kwa basi wakarudi jua limekuchwa, na jirani wa ukuta wa pili Bi Kijakazi hakupata kulijua jina lake. Aliketi kitandani, akafumba macho yasiyoona vizuri, akarudi Kiranjeranje bila nauli.

Alirudi mbali, mpaka utotoni. Alimwona Bi Somoe akisaga masizi ya chungu na maji kidogo na utomvu kupata wino. Alisikia harufu ya mbao zilizooshwa zikianikwa juani, harufu ya mti uliolowa na ubani wa Alhamisi. Aliwasikia watoto wakisoma kila mmoja sura yake kwa wakati mmoja, kelele ambayo mgeni angeiita vurugu, na mama yake katikati akipepeta mchele, hajainua kichwa, anasema, "Wewe wa mlangoni, rudia." Mwaka ule wa njaa, uji wa chuo ulipikwa kwa unga wa mihogo mikavu na mtoto hakuulizwa wa nani. Nani aliyekuwa anahesabu? Mlango ulikuwa wazi na anayepita aliingia. Mambo hayo alipokuwa nayo hakujua kuwa ni utajiri. Sasa aliyaona moja moja, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

Siku moja, gari likiwa njiani kutoka kwenye mashine, alimwambia Abilahi, "Baba Mfaume, mimi huku nitapona figo nife kitu kingine."

Abilahi hakuwa mtu wa maneno. Walipofika aliteremka garini, akamshika mkono mkewe, wa kushoto, na asubuhi yake akamwambia daktari kwamba wanataka kujifunza njia ya maji. Daktari akakubali, kwa sharti. Wakishindwa mafunzo, wanabaki Dar.

Mwalimu wao alikuwa muuguzi jina lake Martina, Mmakonde wa Newala, mnene, mwenye sauti ya kwaya. Aliposikia mgonjwa wake ni wa kabila la Wamachinga, wa Kiranjeranje, alisema Mungu amemletea mtani hadi kazini. Tangu hapo hawakuitana jina lingine. Kabla ya kufungua kifaa chochote Martina alifanya ishara ya msalaba na Bi Kijakazi akasema bismillahi, na kila mmoja alimngoja mwenziwe amalize.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kwa watu waliozoea utaratibu. Funga mlango na dirisha. Ziba mdomo na pua kwa kitambaa. Osha mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, kucha, viganja, mpaka kwenye viwiko. Katika hilo Martina alikiri hajapata wanafunzi kama hawa, kwa kuwa walikuwa wakitawadha mara tano kwa siku maisha yao yote. Ukishaosha, usiguse kitu ila mpira na mfuko. Yatoke maji ya zamani, yaingie mapya, funga, funika. Kwa kuwa macho ya Bi Kijakazi hayakutosha, Abilahi ndiye angetazama kama maji yaliyotoka ni maangavu au yana ukungu, maana ukungu ndiyo alama ya hatari. Mfuko ulishikwa mbele ya maandishi, na maandishi yakionekana ni salama. Mikono ya Abilahi, iliyozoea kuchonga, ilishika mpira kwa upole hata Martina akamwambia kwamba angefaa kuwa mkunga.

Kisha ukaja mtihani. Martina alisema anatoka kidogo, akawaacha waanze. Bi Kijakazi alikuwa amekwisha kuosha, mpira uko wazi katika mkono wa kushoto, anangoja Abilahi ampe ncha ya mfuko. Mlango ukafunguka, nyayo ndogo zikaja, na sauti nyembamba ikasema, "Shikamoo, mwalimu."

Mkono wa kulia ulikwenda wenyewe. "Marahaba, mwanangu," alisema, na kabla hajamaliza neno mkono wake ulikuwa umeshikwa na kiganja kinene cha Martina, aliyekuwa akiigiza mtoto.

Martina aliuinua mkono ule juu. "Mtani wangu, hapa sasa pana vijidudu vya Dar es Salaam nzima. Umekufa."

Walirudia. Safari hii Martina alibisha mlango kutoka nje akasema hodi. Abilahi, ambaye hakuwa na kosa lolote siku nzima, alisema karibu, akaweka mfuko chini, akaenda kufungua.

"Nyie watu wa pwani mtakufa kwa adabu," Martina alisema.

"Na nyie mtaishi bila hiyo," akajibu Bi Kijakazi.

Wakacheka wote watatu. Lakini waliporudia siku ya pili na ya tatu, kicheko kilipungua. Bi Kijakazi alijua anajaribiwa, alijiambia asitoe mkono, na sauti ya mtoto ilipokuja mkono ulitoka kabla ya akili. Miaka yote ile mkono ulikuwa umejifunza jambo moja tu. Martina aliacha utani. Alikaa karibu naye na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hapati raha kuwarudisha nyuma, ila amewahi kumzika mgonjwa mwenye sukari aliyeingiliwa na mgeni katikati ya kubadili maji, na hatamruhusu Bi Kijakazi kwenda kijijini mpaka aweze kumnyima mtu mkono. Akasema amebakiza mtihani mmoja, Ijumaa. Ukishindikana atamwandikia daktari kuwa abaki kwenye mashine.

Mfaume alipoambiwa, mama yake alisikia pumzi yake ikishuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Hakumchukia kwa hilo. Mtoto anayetaka mama yake awe karibu hana kosa. Hata hivyo alijua kwamba Ijumaa ile ndiyo itakayoamua kama ataisikia tena sauti ya chuo au hataisikia.

Alhamisi alasiri alikaa juu ya msala, amemaliza kusali, akawa hajainuka. Alimlilia Mola wake bila kelele. Hakuomba kupona, hilo alikwisha kumwachia mwenyewe. Aliomba afundishwe. Alisema, ya Rabi, umenipa mkono huu nikautoa kwa watoto wako, sasa nionyeshe jinsi ya kuuzuia bila kuwa mchoyo.

Na alipokuwa amekaa hivyo, mjukuu wake mdogo aliingia kutoka shule mapema siku hiyo, akiita bibi. Alimkuta juu ya msala. Hakujua kama bibi amemaliza. Mtoto akanyamaza, akarudi nyuma kwa ncha za vidole, akaketi ukutani kungoja.

Bi Kijakazi alikaa akiusikiliza ukimya ule. Kisha akamwona mama yake tena, mahali ambapo hakupata kumtazama vizuri kabla. Bi Somoe amesimama ukumbini, saa ya alasiri, mikono kifuani, anasali. Watoto wanaingia na mbao zao. Wanatazama, wananyamaza, wanaketi. Hakuna anayeufuata mkono. Hakuna anayepita mbele yake. Mtu mzima anaingia na salamu mdomoni, anaona, anaimeza, anangoja. Bi Somoe hajibu, hainui macho, na katika nyumba nzima hakuna mtu hata mmoja aliyenuna. Akishatoa salamu ya mwisho kulia na kushoto, ndipo anageuka na kusema, "Haya, karibuni."

Kumbe mlango wa Bi Somoe ulikuwa ukifungwa mchana, mara kadhaa kila siku, na hakuna aliyewahi kuuona kwa kuwa haukuwa wa mti.

"Njoo, baba," alimwambia mjukuu, akampa mikono yote miwili, ikamshika uso. Mtoto hakujua kwa nini bibi analia na kucheka.

Abilahi aliposimuliwa aliogopa kidogo, akauliza kama si makosa kufananisha. Bi Kijakazi alisema hafananishi. Swala ni swala, na maji ya hospitali ni maji ya hospitali, astaghfirullah. Anaazima adabu tu. Na wewe, akamwambia, uazime hivyo hivyo. Wewe ukisali mtu akisema hodi, unaacha rakaa ukamfungulie?

Ijumaa Martina hakuwahurumia. Alisema hodi kama mzee, akasema hodi kama mwenye shida, kisha akaingia na sauti ya mtoto, shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu, nimeanguka mwalimu, akajiliza hata wagonjwa wa chumba cha pili wakachungulia. Abilahi alisimama na mfuko wake, macho chini, kama nguzo ya msikiti. Bi Kijakazi alisema bismillahi mara moja, akashusha mabega, na akawa kama hayupo pale tena. Mkono wa kulia ulibaki kwenye mpira. Haukwenda. Maji ya zamani yalitoka, mapya yakaingia, mpira ukafungwa, kifuniko kikakaa. Ndipo alipogeuza uso kuelekea pale zilikotoka kelele.

"Marahaba, mtani," alisema. "Umeumia wapi?"

Martina alivua kitambaa akapiga vigelegele, jambo ambalo wauguzi hawafanyi wodini.

Daktari Benedicto aliwapa masharti ya kwenda nayo. Kila mwezi warudi wapimwe. Mifuko itakuja kwa basi, na kabla ya masika waweke akiba. Maji yakiwa na ukungu wasingoje kesho, wapige simu na waanze dawa iliyo kwenye boksi huku wakitafuta gari. Hakuwaficha kwamba njia hii nayo ina mwisho wake, huenda siku moja wakarudi kwenye mashine. Bi Kijakazi alisema amesikia, na siku hiyo ikija atakuja. Mfaume ndiye aliyewasindikiza mpaka nyumbani. Alikipaka rangi chumba cha mama yake kwa mkono wake mwenyewe, akaweka wavu dirishani, akagongomea ndoano ya kuning'inizia mfuko, na akaweka ndoo yenye bomba kwa ajili ya kunawa. Lakini chumba kilifunguka moja kwa moja ukumbini bila mlango, kama nyumba za zamani, ila pazia. Kwa hiyo ili kukifunga ilibidi ufungwe mlango wa mbele.

Siku ya kwanza, Mfaume akiwa amekwenda Tingi kumwona rafiki, Abilahi aliuegemea mlango wa mninga mchana kweupe. Ulilia kwa bawaba kama mnyama aliyeamshwa. Akauwekea komeo.

Wakaanza. Maji ya zamani yalipokuwa yakitoka, Bi Kijakazi alisikia nyayo nje. Kisha nyayo nyingine. Watu walisimama mbali na baraza, wakanong'ona. Mkeka ukatandikwa, akausikia ukigonga ardhi. Kisha ikaja sauti ya jirani yake Mwanahawa, iliyokwisha kulowa machozi, ikisema hodi. Ndani kimya. Ikasema hodi tena. Ilimuuma Bi Kijakazi, kwa maana yeye na Mwanahawa walicheza pamoja wakiwa wadogo na hakuwahi kumsubirisha hata dakika moja. Mikono yake ilibaki kwenye mpira. Abilahi hakusogea. Hodi ya tatu ikaja, polepole, na baada yake hapakuwa na ya nne, kwa kuwa watu wa kule walifundishwa vizuri. Ukisema hodi mara tatu usijibiwe, hurudii na huchungulii. Unarudi, au unangoja.

Walingoja. Maji mapya yakaingia, kifuniko kikakaa. Abilahi akauinua mfuko uliotoka, akauelekeza kwenye ubao wa chuo uliokuwa umeegemea ukuta, akaiona herufi ya alifu imesimama wazi nyuma ya maji, nyeusi, haina ukungu. Akasema alhamdulillahi. Kisha akaondoa komeo akafungua mlango, kitambaa bado kimeziba mdomo na pua yake.

Uwanjani walikuwapo wanawake zaidi ya kumi na kanga vichwani, na wanaume wawili wamekwisha kuulizana nani atachimba. Mwanahawa alishika kifua.

"Nani amekufa?" Abilahi aliuliza.

Kisha Mwanahawa akasema kwa hasira, "Wewe. Mlango umefungwa na wewe huonekani. Tukajua Kijakazi amekaa eda."

Abilahi alijitazama, miguu mpaka tumbo, akasema anavyojiona yeye bado yupo, ila kama wameleta chakula cha msiba wasirudi nacho. Wanawake wakacheka mpaka wengine wakaketi kwenye mkeka ule ule wa matanga. Bi Kijakazi akatoka mlangoni, akawaeleza. Alisema mlango wake utafungwa kidogo mara nne kwa siku na wasidhani ni kiburi. Wamhesabu kama mtu aliye juu ya msala. Anayekuja akute kimya, aketi barazani, yeye akimaliza atageuka na kusema karibuni. Mwanahawa alifuta macho na kusema kama ni hivyo si kitu, angesema mapema asingepoteza machozi yake.

Lakini haikuwa kwamba si kitu. Bi Kijakazi alilijua hilo zaidi ya wote. Jioni hiyo alipitisha kiganja juu ya mbao za mlango, mahali palipolainishwa na migongo ya watoto, akamwomba radhi mama yake. Ukumbi wa zamani, ule uliokuwa wazi kutoka alfajiri mpaka taa, haungerudi. Sukari, figo na miaka vilikuwa vimeuchukua. Kilichobaki kilikuwa kipande, na alikusudia kukitunza.

Alasiri ya Jumamosi watoto walirudi chuoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Walisimama, wakasukumana, kisha mmoja akakumbuka, wakaketi barazani wakaanza kusoma peke yao, kila mmoja sura yake kwa wakati mmoja. Ndani, mfuko ulining'inia kwenye ndoano ya Mfaume na maji yalikuwa yakishuka. Bi Kijakazi alikaa ameziba mdomo, mikono imetulia, akasikiliza kelele ile yote kama mwenye kiu anayesikia maji yakitiwa kwenye mtungi. Katikati yake sauti moja, karibu na kizingiti, iliruka aya.

Ulimi ulimwasha. Hakusema. Alingoja maji yakaisha, Abilahi akafunga mpira, akafunika, akatazama mfuko kwenye ubao. Kisha Bi Kijakazi akainuka, akavua kitambaa, akauvuta mlango wa mama yake mpaka mwisho.

"Wewe wa mlangoni," alisema, "rudia."

Barazani mtu akacheka. Wakasimama wote. Waliutazama mkono wake, hawajui kama bado wanaruhusiwa. Bi Kijakazi akaunyoosha.